Mboga ya Kuchuma na Mboga ya Kununua

Juzi mjukuu wangu wa kike, Lugano, aliingia jikoni kwangu hapa Kihesa amepakata kabichi kama mtu aliyepewa mtoto amshike kidogo. Anasoma mambo ya lishe chuoni, na mwalimu wao amewapa swali: kabichi na majani ya maboga, kipi kina lishe zaidi, na kwa nini.

"Bibi, wewe ulifanya kazi hiyo," akaniambia. "Nipe jibu."

Nikamwambia jibu la mwalimu liko kwenye vitabu, limepangwa kwa mistari na namba. La kwangu lina matope ya Chunya na lina jina la mtoto. Akasema anataka hilo la matope. Basi nimekaa niliandike mwenyewe, kwa ajili yake na kwa ajili yenu wenzake. Shule niliishia darasa la pili, herufi zangu nilizinyoosha ukubwani kwenye madarasa ya watu wazima, kwa hiyo mkikuta neno limepinda, pindeni shingo mlisome.

Kazi yangu ilikuwa mpishi wa maonyesho. Miaka ya sabini, kabla watu hawajahamishiwa vijijini na baada ya kuhamishiwa, nilizunguka na Bibi Afya kliniki hadi kliniki, kwanza huku Iringa, baadaye Mbeya. Yeye anaeleza, mimi napika. Akina mama walikuwa wakivumilia maneno yake kwa sababu wananusa sufuria yangu. Msidharau jambo hilo nyie mnaoanza. Mtu mwenye mtoto mgongoni ametembea tangu asubuhi, hawezi kushiba vitamini. Mpe kwanza anachoweza kuonja.

Bibi Afya wangu aliitwa Yudita Mgaya, Mbena wa Njombe, mwembamba, anavaa saa yake upande wa ndani wa mkono. Alikuwa hacheki upesi. Alinikuta kliniki nikiwapikia wazazi waliolazwa na watoto, akaonja mboga yangu, akasema, "Wewe, Mama Lukelo, unapika vizuri lakini hujui unachopika." Nilikasirika sana. Kumbe alikuwa ananiajiri.

Somo langu la kwanza alinipa siku hiyo hiyo. Alichukua kitambaa cheupe cha jikoni akanipa jani la kabichi la katikati kabisa. "Sugua hapo." Nikasugua kwa nguvu zangu zote. Kitambaa kililowa, basi. Halafu akanipa jani la boga. "Sugua." Kitambaa kikawa kijani, na kijani kile kilikaa, sabuni ya kipande haikukitoa.

"Tazama kabichi inavyojifunga," akasema. "Kama mtu aliyejifunika blanketi kwenye baridi ya Makambako. Majani yake ya ndani hayajawahi kuliona jua tangu yazaliwe. Jani la boga linalala juani kutwa. Chakula cha macho kinakaa pamoja na ule ukijani. Na cha damu kimo, na cha mifupa kimo, kuliko kwenye kabichi."

"Kwa hiyo kabichi haina kitu?"

"Sikusema hivyo. Kabichi ina kitu chake cha kulinda fizi, ukiipika haraka. Na inavumilia safari, jani la boga ukilipakia gari la asubuhi jioni limekufa. Na majani yake ya nje, yale ya kijani mnayoyatupa, ndiyo yenye faida zaidi. Lakini mtoto anayehitaji macho ukimpa kabichi nyeupe, umempa maji yenye heshima."

Hilo neno, maji yenye heshima, lishikeni. Heshima hiyo mtakutana nayo huko mbele.

Niwaambie kwanza habari za sufuria, maana mnasoma sana habari za virutubisho na hamjui kumenya. Jani la boga lina nyuzi. Unaanza kwenye kikonyo, unavunja ncha kidogo, unavuta, uzi unakuja na ngozi yake mpaka kwenye jani. Ukiacha nyuzi, mlaji anatafuna kamba. Siku moja pale Igurusi tulikuwa na haraka, mvua inanyemelea, tukapika bila kumenya vizuri. Dereva wetu Sifaeli alikula sahani mbili kwa adabu, halafu akatoa nyuzi kwenye meno njia nzima mpaka Mbeya. Kila akivuta mmoja anasema, "Mama Lukelo, huu nao ni wa macho?" Gari letu Land Rover alikuwa ameliita Bibi Harusi, kwa sababu lilikuwa linatembea polepole na kila kilima linataka kubembelezwa.

Ukishamenya, osha kabla ya kukata. Ukiosha baada ya kukata umeosha na utajiri wake. Weka maji kidogo, funika, dakika chache tu. Maji yake usimwage. Halafu mafuta: kile chakula cha macho hakiingii mwilini mpaka kishikwe mkono na mafuta. Kama hakuna mafuta, twanga karanga uunge. Mboga ya majani iliyochemshwa na chumvi tupu ni kama mgeni aliyeachwa mlangoni.

Kuhusu magadi tulipata shida. Mama mmoja pale pale Igurusi, Sara Nzowa, alikuwa anatia magadi kwenye mboga, na mboga ya magadi inabaki kijani kibichi, inapendeza mno. Alisimama katikati ya maonyesho akamwambia Yudita, "Si umesema kijani ndiyo chakula? Haya, tazama yangu na tazama yenu. Nani alishe watoto?" Watu wakacheka, na mimi nikageukia moto nicheke vizuri. Yudita akainamia sufuria ya Sara. Akasema, "Mama Sara, kijani chako ni cha poda. Magadi yameipamba mboga huku yanakula vitu vyake vingine." Sara akasema hata yeye mwenyewe akipaka poda mumewe halalamiki. Lakini mwezi uliofuata alileta mboga isiyo na magadi, akaiweka mbele ya Yudita.

Sasa nije kwenye picha. Tulikuwa na picha ya kutundika ukutani, karatasi ngumu, imeandikwa kwa herufi kubwa: MPE MTOTO MBOGA ZA MAJANI KILA SIKU. Chini ya maandishi yuko mama anatabasamu, mikononi ameshika kabichi kubwa ya mviringo. Sijui nani alichora. Nadhani aliona kabichi ni rahisi, duara na mistari miwili mitatu, umemaliza. Yudita popote tulipokwenda alisimama mbele ya picha akaeleza kwamba majani ni ya kijani, ya kijani. Lakini sisi tulikuwa tunaondoka, picha inabaki ukutani. Na picha haichoki kusema.

Kijiji cha habari hii kilikuwa mbele ya Chunya, penye wakulima wa tumbaku. Masika yalikuwa yamekolea. Maonyesho tuliyafanyia ndani ya bani la kukaushia tumbaku, ndiyo jengo pekee lisilovuja, picha tuliyoiacha safari iliyopita ikiwa bado ukutani, na uji wangu siku hiyo ulinuka sigara. Tulipomaliza, mama mmoja kijana alibaki. Alikuwa Tusekile, Mnyakyusa wa Tukuyu aliyeolewa huko, na gauni lake lilikuwa zuri kuliko ya wote. Alimshika mkono binti yake wa kama miaka mitatu, Neema.

"Bibi Afya, mtoto ana macho ya kuku," akasema.

Ninyi wa mjini labda hamjui neno hilo. Kuku jua likizama haoni, ndiyo maana anapanda kulala mapema. Mtoto mwenye macho ya kuku mchana anacheza kama wenzake, magharibi ikiingia anakaa chini pale pale alipo, anasubiri aje kuchukuliwa. Wenzake wanaendelea kukimbia, yeye anapapasa udongo. Watu wengi walikuwa wanasema amerogwa.

Yudita alimpeleka mtoto mlangoni penye mwanga akamfunua macho. Nami niliona. Weupe wa jicho haukung'aa, ulikuwa mkavu, na pembeni kuna kitu kama povu dogo la sabuni. 

"Surua imefika wapi?" akamuuliza Tusekile.

"Kijiji cha ng'ambo ya mto. Wiki hii wamezika."

Yudita akanivuta pembeni. Akaniambia jicho lililokauka hivi likikutana na surua, mara nyingi linapasuka, na likipasuka hakuna wa kulirudisha. Dawa ya vitamini, ile ya mafuta, ilikuwa imetuishia kijiji cha nyuma. Itabidi yeye na Sifaeli warudi Mbeya kuifuata, na kwa barabara ile ya mlimani wakati wa mvua, hakuna anayejua watarudi lini. Kumchukua mtoto nako aliogopa, kwa sababu wodi za mjini zilikuwa zimejaa watoto wa surua.

"Wewe baki," akasema. "Mlishe."

Halafu akamrudia Tusekile, akamuuliza mtoto anakula nini. Tusekile akajibu kama mwanafunzi anayejua jibu.

"Nampa mboga za majani kila siku, Bibi Afya. Sijaacha hata siku moja. Baba Neema huniletea kutoka Mbeya na lori la tumbaku." Akanyoosha kidole ukutani. "Kama ile."

Sifaeli akakohoa. Yudita aliitazama ile kabichi ya karatasi muda mrefu. Akamweleza Tusekile taratibu, habari ya jua na habari ya ukijani, akamsugulia hata jani kwenye kitambaa. Akamwambia ampe majani ya maboga, yenye karanga, mchana na jioni. Tusekile akasikiliza yote, akasema, "Sawa, Bibi Afya."

Niliitambua ile "sawa". Ni ile ya kumsindikiza mgeni mpaka barabarani. Yudita akaiamini, akaingia kwenye Bibi Harusi, wakaondoka. Mimi nikachukua sufuria yangu nikamfuata Tusekile nyumbani.

Nyumba ilikuwa ya bati, uwanja umefagiwa. Na nyuma ya jiko, kwenye jalala, maboga yalikuwa yametambaa mpaka juu ya ua, majani mapana kama masikio ya ndovu. Mbuzi wawili walikuwa wanajilia. Nikajua kazi yangu haiko kwenye kutafuta mboga.

Jioni wakaniandalia. Ugali wa sembe, mweupe, na kabichi iliyokaangwa na nyanya na vitunguu, imepikwa kwa ustadi kwelikweli. Gwamaka, mume wa Tusekile, alikuwa mtu mpole mwenye mikono iliyoiva kwa tumbaku. Akanikaribisha mwenyewe. "Shemeji, karibu mboga."

Nikamwambia Tusekile, "Mdogo wangu, mimi naomba ile ya nyuma ya jiko."

"Ipi?"

"Ile wanayokula mbuzi."

Gwamaka alicheka akidhani natania. Tusekile hakucheka. "Dada, unataka watu waseme nini? Mgeni amelala kwa Gwamaka akapewa mboga ya kuchuma?"

Hapo ndipo penye fundo la habari yote, wajukuu zangu, na hamtalikuta kwenye vitabu vyenu vya lishe. Kwetu kulikuwa na mboga ya kununua na mboga ya kuchuma. Ya kununua ni kabichi, ni nyama, ni samaki mkavu. Ya kuchuma ni ile ya nyuma ya nyumba, mnafu, mchicha, majani ya maboga. Ya kuchuma kila mtu anaila, lakini akitokea mgeni inafunikwa. Ukimpa mgeni, umemwambia huna kitu, au umemwambia yeye si kitu. Na Tusekile alikuwa anamlea Neema kama mgeni wa heshima.

"Mgeni hachagui, shemeji," Gwamaka akasema, kwa upole.

"Kweli, hachagui," nikasema. "Basi sichagui. Nitakula ugali."

Nikala ugali mkavu na chumvi. Mnajua maana yake, mgeni kula ugali mkavu mbele ya mboga? Gwamaka alirudisha tonge lake sahanini. Neema alikuwa anakula na mimi sahani moja, maana mtoto hula na mgeni, akaona mama huyu hagusi mboga, naye akaacha kugusa. Kesho yake mchana hivyo hivyo. Nilikuwa nimeamua, na mimi nikiamua hata marehemu mume wangu alikuwa anatoka nje. Nilijua ninamuumiza mwenye nyumba. Lakini surua ilikuwa ng'ambo ya mto, na mto una daraja.

Mchana ule jirani aliingia kusalimia, akamkuta mgeni anamung'unya ugali na chumvi. Alipoondoka tu, Tusekile akachukua kisu.

"Umeniaibisha, Mama Lukelo. Haya, twende. Twende tukachume."

Alikuwa anakata majani yale kama mtu anayenyoa kichwa cha adui. Nikataka kumwonyesha kumenya, akaninyang'anya. "Usinifundishe. Mama yangu alinifundisha kabla sijajua kuvaa nguo. Mimi nimekua kwa mboga hii." Akamenya kwa haraka, nyuzi zinakuja nzima nzima, kuliko mimi. Baadaye mikono ikapungua mwendo. Akasema, bila kunitazama, "Baba alipofariki tulikula hii peke yake, miaka. Shuleni wakatuita mbuzi. Tukipita wanalia, mee. Niliapa, nikiolewa, mtoto wangu hatajua ladha yake."

Yudita labda angempa somo. Mimi nilimuuliza kitu kimoja tu.

"Mlipokuwa mnaitwa mbuzi, usiku mlikuwa mnaona?"

"Nini?"

"Wewe na wadogo zako. Jua likizama, mlikuwa mnaona?"

Akasimamisha kisu. "Tulikuwa tunacheza kombolela gizani mpaka mama anatufuata na fimbo," akasema. Halafu akakaa chini juu ya jalala, na gauni lake lile zuri, akafunika uso kwa mikono iliyojaa ukijani.

Tulitwanga karanga pamoja. Jioni ile nilikula mboga ya mwenyeji wangu mpaka nikaramba vidole, na Neema akala na mimi. Mtoto alipouma mara ya kwanza alikunja uso. Nikamwambia mbuzi wake watalia njaa leo, akacheka, akauma tena. Gwamaka alikula, akaongeza.

Siku ya tatu asubuhi Gwamaka aliniona nimekaa upenuni, akasema kwa utani, "Shemeji, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe."

"Lilete," nikasema.

Akadhani nimekasirika. Nikamwambia nalitaka hasa. Maboga yakiisha pamoja na masika, kiangazi cha Chunya hakina hata jani, na macho hayaendi likizo. Tukachimba kando ya bafu, pale maji ya kuogea yanapotiririka, tukapanda matembele, maana hayo ukiyapa maji machafu kidogo yanakupa majani mwaka mzima. Maji ya wachimba dhahabu usitumie, yana sumu zake. Ya kuogea yanatosha. Na majani ya maboga yaliyozidi tukayaanika. Wenyeji walikuwa wanaanika juu ya miamba, jua kali, mpaka yanakuwa rangi ya tumbaku. Nikawaonyesha alivyonionyesha Yudita: yapitishe kwenye maji ya moto, kisha yaanike kivulini penye upepo, ndani ya lile bani lililokuwa tupu. Yakikauka na ukijani wake, chakula cha macho kimo. Jua linalotengeneza ukijani jani likiwa shambani ndilo linaloula jani likishakatwa. Gwamaka hilo alilielewa upesi kuliko wote. Mtu wa tumbaku anajua jani linavyokaushwa.

Yudita na Sifaeli walirudi kwa miguu kipande cha mwisho, wamejaa matope mpaka kiunoni. Bibi Harusi alikuwa amekwama mtoni. Sifaeli alisema amekataa kwenda kwa mume. Neema akapewa dawa yake, na watoto wengine wa kijiji wakapewa. Niwaambie wazi, msije mkasema bibi kasema majani ni dawa ya kila kitu. Mtoto mwenye macho ya kuku anapelekwa hospitali siku hiyo hiyo. Majani yanafanya kazi nyingine: kumfanya asirudi tena kwenye macho ya kuku.

Yudita aliniuliza tu, "Alikula?"

"Alikula."

"Ulimshawishi vipi mama yake?"

"Nilikuwa mgeni," nikasema. Yudita akatoa kalamu, akaiendea ile picha ukutani kwenye bani. Akaikata kabichi kwa mstari, pembeni akachora jani la boga. Hakujua kuchora. Lilifanana na mguu wa bata. Ila alilichora kwenye kila picha tuliyotundika tangu siku hiyo, Mbeya na Iringa, na watu wakiuliza huo mguu wa bata ni wa nini, hapo ndipo somo linaanza.

Surua ilivuka mto. Yudita na Sifaeli walikuwa wamekwenda vijiji vya mbele, mimi nilibaki kusaidia. Neema aliugua kama wengine, homa, vipele, macho yamefumba kwa tongo. Majirani walikuja na desturi zao, mtoto wa surua asipewe mboga za majani, asipewe mafuta, apewe uji mweupe tu. Nilikuwa nimejiandaa kubishana. Sikupata nafasi. Tusekile alisimama mlangoni, kisu mkono mmoja na majani mkono wa pili. "Mimi ni mbuzi," akawaambia. "Mtoto wangu ni mtoto wa mbuzi. Anakula majani." Alikuwa anayaponda mpaka yanakuwa laini, anayaunga na karanga, anamlisha kijiko kwa kijiko, akitapika anasubiri, anaanza upya. Hakulala kitandani siku hizo zote. Mimi kazi yangu ilikuwa kuni.

Homa ikashuka. Siku tulipomfuta macho, yakafunguka yote mawili, mazima, mekundu kama ya mlevi, lakini mazima. Kama yanaona magharibi, hatukujua. Alikuwa bado dhaifu, jua likizama yuko ndani amelala, na hakuna aliyethubutu kumjaribu. Nadhani tuliogopa jibu.

Jioni moja alipopata nguvu alitoka mwenyewe akakaa kizingitini. Jua lilizama. Tukawa tumekaa uwanjani, mimi, Tusekile na Gwamaka. Kuku wakaanza kupanda bandani mmoja mmoja. Giza likaanza kushika miti. Huo ndio wakati ambao alikuwa anakaa chini na kupapasa. Kifaranga mmoja mweusi alibaki nje, amepotea, analia chini ya kinu, na mimi mwenyewe nilikuwa namsikia tu, simwoni.

Neema akaondoka kizingitini. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye kinu, akainama, akamshika kifaranga, akampeleka bandani, akafunga mlango kwa kijiti. Akarudi akakaa.

Gwamaka alisimama, akazunguka nyuma ya jiko. Alikaa huko kidogo, tukasikia vikonyo vinavunjika. Aliporudi alikuwa na majani ya maboga mikono miwili, mwanamume mzima wa Kinyakyusa, mwenye nyumba ya bati, amechuma mboga. Akayaweka chini mbele yangu karibu na moto.

"Mboga ya mgeni," akasema.

Basi hilo ndilo jibu langu, Lugano. Mwalimu wako atataka namba, mwandikie, ni za kweli, na majani ya maboga yatashinda kwa macho na kwa damu na kwa mifupa. Lakini kabla hujamwambia mama yeyote kipi kina lishe zaidi, uliza kwanza kwake kipi kina heshima zaidi. Usipojua hilo utamwachia picha ukutani, naye ataitii mpaka mtoto apofuke.

Na ile kabichi uliyoingia nayo jikoni, hukuniuliza nani kaileta. Ulikabidhiwa mlangoni na mgeni wangu, ukadhani ni mama wa kanisani. Ni Neema. Huja kuniona kila apatapo nafasi, ana wajukuu sasa, na kila akija analeta kabichi kubwa kutoka sokoni, kwa sababu mama yake Tusekile alimfundisha kwamba mtu mzima haendewi na mboga ya kuchuma. Sijawahi kumkatalia. Tulipika zote mbili jioni ile, yake na yangu ya nyuma ya nyumba, mkala mkamaliza.

Halafu umeme ukakatika, ukumbuke, na wewe ukaanza kuhangaika kutafuta simu uwashe tochi. Neema alikuwa anakushonea kifungo cha gauni lako. Uzi ulikuwa umechomoka kwenye sindano. Aliulamba ncha, akauelekeza dirishani palipobaki mwanga kidogo wa magharibi, akautunga mara moja, akaendelea kushona.